Kidonge cha udongo chenye jina la mfalme

Mtu akisikia "muhuri wa Hezekia umepatikana Yerusalemu" huwaza pete ya dhahabu. Kilichotolewa Ofeli, eneo la Yerusalemu karibu na Mlima wa Hekalu, mwaka 2009 na timu ya mwanaakiolojia Eilat Mazar, kikatangazwa 2015, ni kidonge cha udongo cha sentimita moja hivi. Ni chapa, si muhuri wenyewe. Barua ya mafunjo (karatasi ya kale ya matete) ilikunjwa, ikafungwa uzi, udongo mbichi ukabandikwa juu ya uzi na kugandamizwa muhuri. Kimeandikwa: "Cha Hezekia mwana wa Ahazi, mfalme wa Yuda."

Wengine husema: "Moto wa Wababeli walioiteketeza Yerusalemu uliteketeza kila kitu." Mafunjo, ndiyo. Udongo ulichomeka kama chungu tanuruni, ndiyo maana upo hadi leo. Mwaka 1982 wachimbaji wa Yigal Shiloh walikuta chapa 51 katika nyumba moja ya Mji wa Daudi, sehemu ya kale ya Yerusalemu, mojawapo ikiwa na jina la Gemaria mwana wa Shafani. Ni chumbani mwa mtu mwenye jina hilo ambamo Baruku, mwandishi wa nabii Yeremia, alisoma gombo la Yeremia (Yer. 36:10).

"Jina likifanana, ni yeye." Hapa ndipo wengi hujikwaa. Akina Juma ni wengi. Bila jina la baba au cheo huwezi kujua ni yupi. Chapa iliyotangazwa 2018 ina jina Isaya, kisha herufi tatu za kwanza za neno "nabii" kwa Kiebrania, na ukingo umemeguka pale ambapo alefu, herufi ya mwisho ya neno hilo, ingekaa. Bila alefu hiyo, huenda ni jina la mtu tu. Kupatikana karibu na ya Hezekia kunavutia, lakini ujirani si cheo. Linganisha na chapa za Yukali mwana wa Shelemia na Gedalia mwana wa Pashuri: majina ya baba yapo, nao ni miongoni mwa waliotaka Yeremia auawe (Yer. 38). Hao nawakubali.

Chapa ya Baruku, ile yenye alama ya kidole inayopendwa sana, haikuchimbwa na mtafiti yeyote, ilitoka sokoni. Mwaka 2014 uchunguzi ulihitimisha kuwa ni bandia.

"Mfalme aliyebomoa mahali pa juu (madhabahu za vilimani) asingetumia alama za Misri." Hezekia alizitumia: jua lenye mabawa, na alama ya uhai ya Kimisri kila upande.

Na "imethibitisha Biblia yote"? Imethibitisha kwamba Hezekia mwana wa Ahazi alitawala Yuda. Kuhusu muujiza wa kivuli kilichorudi nyuma madaraja kumi wakati wa Hezekia, kidonge hakina neno.