Saratani ya damu inayopona, mgonjwa akivuka wiki za kwanza

Fizi zikitoka damu, wengi hukimbilia kung'oa jino. Hapo ndipo balaa linapoanza: damu haikati usiku kucha, asubuhi ndugu wanakodi gari kutoka Rombo au Same kumleta mgonjwa Moshi mjini. Picha ya damu ikija na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, 12,000 kwa maikrolita wakati mtu mzima anatakiwa kuwa na 150,000 au zaidi, sisi wa maabara hatuachi sampuli hiyo ikae foleni. Tunaipaka kwenye kioo na kuitazama kwa darubini. Tukiona chembe nyeupe changa zenye vijiti vilivyolala pamoja kama tita la kuni, tunampigia daktari wa wodi simu hapo hapo.

Ugonjwa tunaoushuku ni saratani ya damu iitwayo lukemia kali ya promaelosaiti, kwa kifupi APL. Leif Hillestad wa Norway alipoueleza mwaka 1957, wagonjwa wake walikufa ndani ya wiki chache. Chanzo chake ni kromosomu ya 15 na ya 17 kubadilishana vipande, chembe nyeupe zikakwama utotoni na kujaa kwenye uboho. Chembe hizo huvuruga ugandaji wa damu, ndiyo maana mtu anavilia bila kugongwa na hedhi haikati. Hauambukizi, haurithiwi, na hakuna jirani aliyemtupia mtu jini.

Mwaka 1985 huko Shanghai, daktari Wang Zhen-Yi alimpa mtoto wa kike wa miaka 5 vidonge vya ATRA, dawa ya jamii ya vitamini A. Haiziui chembe zile, inazikomaza. Baadaye ikaongezwa aseniki. Ndiyo, ile ile sumu, ila kwa kipimo cha hospitali. Mwaka 2013 Francesco Lo-Coco wa Italia na wenzake walionyesha kwamba kwa wagonjwa ambao chembe nyeupe hazizidi 10,000, dawa hizo mbili bila kemotherapi ziliwafikisha 97% miaka 2 wakiwa hai bila ugonjwa kurudi.

Binafsi takwimu hiyo hainitoshi. Inawahesabu waliowahi kufika na kuanza dawa. Aliyevuja damu kwenye ubongo njiani hayumo. Mfano unaotufaa zaidi ni wa Brazil, Mexico, Chile na Uruguay. Brazil ilikuwa ikipoteza karibu theluthi ya wagonjwa mwanzoni kabisa. Nchi hizo zikaungana: ATRA ianze siku ile ile ugonjwa unaposhukiwa, damu iwepo, na daktari wa mbali awe na mtu wa kumpigia. Vifo vya mwanzo vilishuka hadi takriban 15%, na wagonjwa wanane kati ya kumi walikuwa hai baada ya miaka 2. Aseniki haikuwemo. Kwa hiyo kusubiri majibu ya kipimo cha jeni kinachothibitisha ugonjwa ndipo dawa ianze ni kosa. Majibu yatamkuta mgonjwa ameshaanza vidonge, na yakikanusha, vitasimamishwa.

Nyumbani, mtu mwenye homa, uchovu na madoa mekundu yasiyofifia ukiyabonyeza asichomwe sindano ya maumivu dukani. Diklofenaki na aspirini huzidisha kuvuja, na sindano yenyewe huacha donge la damu kwenye msuli. Akilalamika kichwa kinapasuka ghafla au anaona ukungu, hiyo ni dharura, hata kama kipimo cha malaria kimesoma chanya.

Akishaanza ATRA, apimwe uzito kila siku. Uzito ukipanda, miguu ikavimba na pumzi ikabana, chembe zinazokomaa zimeanza kumletea madhara na daktari ataanzisha deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, bila kuchelewa.

Ndugu wanaokuja kumwona nao wana kazi: kutoa damu. Daktari hutaka chembe sahani zisishuke chini ya 30,000 hadi 50,000, na chembe sahani za kuongezewa hukaa takriban siku 5 tu, haziwekwi akiba. Kituo cha damu salama cha Kanda ya Kaskazini kipo hapa hapa Moshi. Msije wote siku moja; gawaneni, wengine waje Jumatatu, wengine Alhamisi.