Kumeza ARV kwa siri: maswali na majibu

Swali: Naishi Pipeline, Nairobi, chumba kimoja na rafiki yangu. Hajui nina virusi vya UKIMWI. Nimehamishia dawa kwenye chupa ya maltivitamini. Kuna shida?

Jibu: Siri ni yako, na hakuna anayekudai maelezo. Chupa ndiyo yenye shida. Vidonge vinaharibiwa na unyevu, ndiyo maana chupa ya kliniki huja na kile kifuko kidogo ndani. Bandua lebo, baki na chupa ileile. Hata ukiogopa mlio wa vidonge (anayemeza ARV anaujua mlio huo hata kwenye matatu), usijaze pamba ndani, nayo huvuta unyevu. Tena rafiki anayejisikia mchovu atakuomba "vitamini" kimoja, utamwambia nini?

Kama unameza pia vitamini za kweli, zenye chuma au kalsiamu, jua kwamba madini hayo hunasa dolutegravir (dawa iliyomo kwenye ARV nyingi za sasa) tumboni isiingie vizuri kwenye damu. Meza ARV angalau saa 2 kabla yake au saa 6 baada, ama umeze vyote pamoja na chakula. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini zitenganishe vivyo hivyo, hata kama umekula.

Swali: Kliniki yangu iko Kangemi makusudi, nisikutane na majirani. Nauli ikikosekana je?

Jibu: Wengi hufanya hivyo na siwalaumu, foleni ya dawa ina macho. Ila mvua ikinyesha nauli inapanda, na tarehe inapita. Kama virusi vyako vimedhibitiwa, omba dawa za miezi kadhaa kwa mara moja. Ukikwama, ingia kituo cha karibu uwaambie ukweli, wakupe za kukuvusha.

Swali: Wageni wa ushago wakija, naacha dawa mpaka waondoke.

Jibu: Hapo ndipo siri inapokuumiza. Ukiacha mara kwa mara, virusi hupanda na vinaweza kuwa sugu. Hakuna aliyesema lazima iwe saa 3 usiku. Zungumza na mhudumu, uhamishie saa ya kumeza kazini.

Swali: Mwajiri ana haki ya kujua?

Jibu: Hana. Sheria ya Kenya ya 2006 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inakataza kukulazimisha upimwe ndipo uajiriwe.

Swali: Na mpenzi?

Jibu: Huyu si jirani. Virusi visipoonekana kwenye kipimo cha wingi wa virusi kwenye damu, humwambukizi kwa ngono, mradi unaendelea kumeza. Kabla ya hapo, tumieni kondomu. Yeye naye akijua anaweza kupata PrEP, dawa ya kumkinga asiyeambukizwa. Ukihofia atakupiga au kukufukuza, usimwambie mkiwa wawili chumbani. Mwambie mshauri wa kliniki kwanza, mpange mtakavyomwita.