Bitabu bya vita na familia: bile tunasemaka na bile biko kweli

Huku Bukavu ukisema unasoma romani ya vita, mutu anakujibu palepale: sisi vita tuliiona na macho, kitabu itatufundisha nini tena? Sawa. Lakini mazungumuzo ikiendelea kidogo unasikia batu banasema eti kwa bitabu bya namna ile, mwenye roho inamusuta ni ule aliua.

Hapana. Fungua La Femme aux pieds nus ya Scholastique Mukasonga, mwandishi wa Rwanda, ya 2008, mwenye anaongea juu ya mama yake mwenyewe. Mama yake, Stefania, alizoea kuambia mabinti wake: siku nitakufa mufunike mwili wangu na kikwembe, mutu asione maiti ya mama. 1994, wakati ya jenosidi ya Watutsi, banamuua kule Rwanda, Mukasonga iko Ufaransa, hakuna binti mwenye alimufunika. Sasa huyu alikosa nini? Hakushika panga, hakutuma mutu, na kama angekuwa pale bangemuua naye pia. Ila anaandika kama mutu mwenye deni, anatafuta maneno yake njo ikuwe kile kikwembe. Na kurasa mingi inaongea mutama, nyumba, ndoa za batoto, mama na kazi zake, wauaji hawapewe kiti kubwa mule ndani, na minaona alifanya bizuri.

Ingine: batu banasoma Allah n'est pas obligé ya Ahmadou Kourouma (2000), banachoka mapema, banasema mwandishi alichanganyikiwa. Mwenye kuchanganyikiwa ni Birahima, msimulizi wa kitabu, kadogo (mutoto askari) mwenye hajui kama ana miaka 10 ao 12, anasimulia Liberia na Sierra Leone na madiksionere yake ine, anatukana, anarudi nyuma, akichoka anaachia hadithi pale. Kourouma alijua kabisa kile anafanya. Na angalia kitu gani inamukula ule mutoto. Ni mama yake! Mama alikuwa na kidonda ya muguu haiponi, bakaambia mutoto kama ni mulozi, eti anakula muguu yake mwenyewe usiku, naye akaacha kumukaribia, akakataa chakula ya mukono wake. Mama akakufa. Nyuma njo anajua hakukuwa bulozi yoyote, na tangu pale anajiona amelaaniwa, wakati bunduki hajaigusa bado. Sisi benye tunajua vile neno mulozi inafukuzaka bibi muzee ao mutoto kwao, hatuombe mwalimu atuelezee hiyo sehemu.

Kuko na benye banaamini kila "mimi" ya kitabu ni mwandishi. Gaël Faye wa Petit pays (2016) alizaliwa Bujumbura, baba Mufaransa, mama Munyarwanda, sawasawa na Gabriel, kijana mwenye anasimulia ile romani, lakini mwenyewe alisema ile haiko maisha yake. Kwa hiyo ile taksi Gabriel analazimishwa kuchoma na mutu ndani, usimuulize Faye.

Hiyohiyo Petit pays njo inakasirishaka batu na mwisho yake, juu banangojea msamaha. Gabriel anarudi mukubwa, anakuta mama yake ndani ya kabare (kilabu ya pombe), mama anamuita Christian, jina ya kijana wa familia mwenye aliuawa Rwanda. Bananiambia mwandishi angewapatanisha. Apatanishe nani, mama hata mutoto wake hamutambui? Gabriel anasema tu kwa sasa atabaki Bujumbura, amuchunge mama mpaka apate nafuu, romani imeisha, mwenye anataka msamaha atafute kitabu ingine.