Bolti kwenye ndege ya mbao: jedwali la torki lile ni la chuma

Wanaojijengea ndege za mbao wananiuliza sana bolti zikazwe torki (nguvu ya kuzungusha) ngapi, na wengi washaona jedwali la kawaida, bolti ya AN3 (ile ndogo ya ndege, unene inchi 3/16) inchi-paundi 20 mpaka 25, wakaona basi yamekwisha. Jamani, lile ni la chuma kwa chuma.

Piga hesabu kidogo. AN3 ukiipa inchi-paundi 25 inavuta kama kilo 300 hivi na zote zinaishia chini ya washa. Washa ndogo ya AN960 ina kipenyo cha inchi 7/16, ile pana ya AN970, ambayo ndo ya mbao, ni 7/8, eneo lake karibu mara tano. Sasa sprusi, mbao laini ya kujengea ndege, ikigandamizwa kwa kukatisha nyuzi zake inaanza kubonyea kwenye kilo 40 hivi kwa sentimita mraba, na hata hiyo washa pana inaleta kama 80, mara mbili! Kwa hiyo washa pana ni lazima ila haikuruhusu ukaze utakavyo.

Kama mchoro wa ndege yako umetaja torki, fuata huo. Kama haujataja, mi nashika bolti tuli, nazungusha nati mpaka washa isizunguke tena kwa kidole, naongeza kidogo tu huku macho yakiwa kwenye vanishi pembeni ya washa, ikianza kupasuka nimefika mwisho, maana nyuzi zikishasagika hazirudi. Nati zenye pete ya nailoni ndani zenyewe ni nzito kuzungusha, usije ukadhani ule uzito ndo umekaza. Na nati ile inayofungwa kwa pini, tundu la bolti lisipolingana na mkato wa nati badilisha unene wa washa, usilazimishe.

Halafu bolti ya bawa inabeba mzigo kwa ubavu wake ndani ya tundu, tundu likiwa pana hakuna kukaza kutakakoliponya, na meno ya bolti yasiegemee mbao.

Unyevu nao: mbao inavimba, washa haisogei, inajibonyeza yenyewe, ikikauka inaacha ulegevu. Hapo ndo propela ya mbao inaponitisha zaidi, kwa sababu yenyewe inazungushwa na ule mbano wa bolti zinazoishika, torki ya mtengenezaji lazima ifike na ikaguliwe baada ya safari ya kwanza na kila hali ya hewa ikibadilika. Ukikuta weusi wa kuungua kwenye kitovu chake ujue imekuwa ikiteleza, usiikaze tena ukaruka nayo, ifungue ikakaguliwe.