"Kuondoa kwa awamu" gesi zinazoharibu ozoni ni kuondoa vipi?

Mpelekee fundi wa Kibuye, Kisumu, friji isiyogandisha, naye atakwambia gesi imeisha. Gesi ya friji haiishi kama mafuta ya taa. Huzunguka tu mabombani, ikipungua, imevuja.

Friji za zamani zilitumia gesi iitwayo R-12, yenye klorini. Ikivuja hupanda, miaka ikipita, hadi kwenye tabaka la ozoni, kilomita 15 hadi 35 juu yetu. Huko jua huibandua klorini, na atomu moja yaweza kuharibu molekuli 100,000 za ozoni, ile ngao yetu dhidi ya mionzi ya urujuanimno.

Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kimataifa wa kulinda ozoni, haikuzima gesi hizi kama taa. Ilipanga ngazi za kushuka. Chukua R-22, nayo yenye klorini, ya viyoyozi na vyumba baridi: kama nchi inayoendelea ilikuwa ikitumia mitungi 100 kwa mwaka, kikomo ni 90 kufikia 2015, 65 kufikia 2020, 32 na nusu kufikia 2025, kisha sufuri 2030, ila kiasi kidogo cha matengenezo hadi 2040. Hiyo ndiyo awamu. Kenya haitengenezi gesi hizi, kwa hiyo kinachobanwa hasa ni uagizaji.

Wengi hudhani watanyang'anywa friji. La. Chombo chako kinabaki. Gesi mpya ya kukijazia ndiyo inayoadimika. Ndiyo maana fundi anayeifyonza gesi kuukuu na kuihifadhi mtungini ana akili kuliko anayeifungulia hewani, ingawa huyu wa pili humaliza kazi mapema.

Si friji peke yake. Mashamba ya maua ya Naivasha, kaunti ya Nakuru, yalifukiza udongo kwa methili bromidi, gesi nyingine inayoharibu ozoni, kuua minyoo na kuvu kabla ya kupanda. Kwa kazi hiyo, nchi zinazoendelea zilipewa hadi 2015. Mbadala mmojawapo? Mvuke wa maji moto.

Kisha kuna R-134a, iliyoandikwa mgongoni mwa friji nyingi. Haina klorini, haigusi ozoni, lakini huongeza joto la dunia. Kwa hiyo mwaka 2016, mjini Kigali, itifaki iliongezewa gesi za jamii hiyo, na neno likabadilika: hizi si za kuondoa bali za kupunguza kwa awamu. Kwa nchi kama Kenya, asilimia 80 itakatwa kufikia 2045, 20 inabaki.