"Nanjoo, bibi!": Maana ya ujumlishaji mno katika usemi wa mtoto

Binti yangu amebakiza mwezi mmoja kutimiza miaka mitatu. Tangu anafumbua macho alfajiri mpaka usingizi umchukue, sentensi ikiwa bado mdomoni, hanyamazi. Bibi yake alipokuja kutoka Tanga kutusalimia alimvumilia siku mbili, ya tatu akampa jina: Chiriku.

Asubuhi moja Chiriku alikuwa uani, anamwogesha mwanasesere kwenye beseni la kufulia. Bibi akaita kutoka jikoni, "Wee mke mwenzangu, njoo unywe uji!" Naye akajibu kama mtu mwenye shughuli zake, "Nanjoo, bibi!"

"Haisemwi nanjoo. Sema nakuja."

"Nakuja," akasema, akaendelea kusugua. Uji ukaanza kushika utando. Alipoitwa mara ya pili, safari hii kwa sauti ya juu kidogo, akaja juu na yeye: "Si nanjoo, bibi!"

Bibi akanigeukia. "Huyu hilo neno kalitoa wapi?"

Swali la maana sana. Mimi sisemi nanjoo. Mama yake hasemi. Dada anayetusaidia nyumbani hasemi, na watoto wa jirani walioanza shule wanamcheka akisema. Tumezoea kudai kwamba mtoto ni kasuku, anarudisha anachokisikia, lakini kasuku hawezi kurudisha neno ambalo hajawahi kusikia hata mara moja. Nanjoo hakuisikia popote. Ameiunda.

Alichokifanya kina jina katika isimu: ujumlishaji mno wa kanuni. Kwa maneno ya kawaida, ni pale mtu anayejifunza lugha anapokuwa amegundua kanuni fulani, kisha akaitumia hata kwenye maneno ambayo lugha imeyapa njia yake ya pembeni. Neno "mno" linaweza kukupotosha, ukadhani mtoto amezidisha ujinga. Kilichozidi ni utii. Anaifuata kanuni kuliko sisi tunavyoifuata.

Itazame nanjoo kwa karibu. Mtoto wa umri huu hupokea amri nyingi kwa siku kuliko kuruta wa Jeshi la Kujenga Taifa: kaa, lala, oga, vaa, simama, acha, shuka, njoo. Akisikia "oga", na anayeoga anasema "naoga". Akisikia "lala", na anayelala anasema "nalala", hahitaji mwalimu. Chukua amri, weka na- mbele, tayari unajieleza. Hesabu hiyo inamfaa kwenye vitenzi karibu vyote anavyokutana navyo. Sasa njoo nayo ni amri kama nyingine, tena ndiyo anayoisikia kuliko zote. Atajuaje kwamba hii peke yake hutakiwi kuipachika na-, bali uende ukachukue kitenzi kingine, kuja, ambacho hakifanani nayo hata kidogo? Sarufi za Kiswahili hutaja amri tatu zilizojitenga namna hii: njoo, nenda na lete. Sisi tulishasahau kwamba ni za ajabu.

Kwa nenda alinishangaza zaidi. Jioni, maji yakiwa tayari, mama yake humwambia, "Haya, nenda bafuni." Jibu: "Sinendi!" Nilipomaliza kucheka nikakaa kuifikiria. Ndani ya sinendi kuna kazi mbili, na zote zimefanywa sawasawa. Ameweka si- mwanzoni, halafu akabadilisha a ya mwisho kuwa i, kama tunavyosema silali, sikai, siogi. Ukanushi wake umekamilika, ila ameuanzia kwenye nenda badala ya enda. Na ukimwita akiwa amenuna, husema "Sinjoo," si "sinji" wala "sinjoi". Kwa nini hapa mwisho haukubadilika? Kwa sababu kanuni inabadilisha a tu. Sahau hubaki sisahau, jibu hubaki sijibu. Hakuna aliyemweleza hayo. Mimi mwenyewe ilibidi nichukue kalamu ndipo niyaone.

Hajafika hapo kwa siku moja. Kabla ya hatua hii kuna hatua ya kukata, mtoto anapoacha viambishi vya mwanzo, yaani vipande kama na- na si-, na kubaki na shina: "taka maji", "lala hapa". Kamil Ud Deen, aliyechunguza usemi wa watoto wadogo wa Nairobi kwa tasnifu yake ya mwaka 2002, aliandika kirefu kuhusu viambishi vya nafsi na njeo (wakati) vinavyoachwa hivyo. Kwa hiyo mtoto anayesema nanjoo ameshavuka mto huo. Ameanza kuvitumia viambishi, na sasa anavitumia kila mahali.

Kwenye ngeli, yaani makundi ya majina kama ki-/vi-, ndiko penye uhondo. Kipepeo alitua kwenye kamba ya kuanikia nguo, Chiriku akapiga kelele: "Baba, kipepeo kimekaa!" Kwa masikio ya mtu mzima ni kosa, tungesema kipepeo amekaa. Lakini msikilize yeye anachosikia: kiti kimevunjika, kikombe kimeanguka, kijiko kimepotea, kiatu kimelowa. Ki- kwa ki-, wimbo mmoja. Ghafla kuna kipepeo, kiboko, kifaru na kinyonga, ambavyo kwa umbo ni ndugu wa kiti, ila kwa kuwa vina uhai lugha imevihamishia kwenye a- na wa-. Ukitaka kuona sisi wenyewe tunavyoyumba, nimeandika "vina uhai" hapo juu na hukushtuka.

Baada ya miezi miwili hivi akaipata: kipepeo amekaa, kuku amekula, paka wangu, mtoto wangu. Kumbe chenye uhai huchukua a- na w-! Na wiki ileile, bibi yangu ikageuka bibi wangu. Hii ilimuuma bibi mwenyewe, maana tangu anaanza kusema mtoto alikuwa akitamka "bibi yangu" bila doa. Tulidhani anarudi nyuma.

Harudi nyuma. Huu ni mwenendo unaojulikana: mtoto hupatia kwanza, kisha hukosea, kisha hupatia tena, na kupatia kwa mara ya pili si sawa na kwa mara ya kwanza. Mwanzoni "bibi yangu" ilikuwa kifurushi kimoja alichokimeza kizima, hajui bibi inaishia wapi na yangu inaanzia wapi. Alipojua kukifungua kifurushi, akaona ndani kuna kipande kisichofuata kanuni mpya, akakirekebisha. Bibi, mama, baba, dada, rafiki, ndugu: wote hao wana uhai na bado tunawaambia yangu. Ni ubaguzi ndani ya ubaguzi, na kuukariri kunataka muda.

Meno nayo yalipita njia hiyo. Akiwa na mwaka na nusu alisema "meno" vizuri tu. Sasa anasema "majino". Ukitaka kumsuta, mweleze kwanza kwa nini jina ni majina, jibu ni majibu na jipu ni majipu, ilhali jino si majino. Mimi nilishindwa.

Mwaka 1958 mtafiti wa Marekani, Jean Berko, alitafuta namna ya kuthibitisha kwamba watoto wanabeba kanuni na si orodha ya maneno waliyosikia. Alichora kiumbe mfano wa ndege, akakipa jina lisilokuwepo katika Kiingereza, wug, kisha akawaonyesha picha ya viumbe hao wawili na kuwaachia sentensi waimalize. Watoto wengi walisema wugs. Neno hawakuwahi kulisikia, wingi wake wakaujua.

Nikajaribu nyumbani. Nilichora dubwana lenye miguu mitatu nikasema, "Hiki ni kimbulu." Kisha nikachora la pili, na hapo nikagundua ugumu ambao Berko hakuwa nao. Nikisema "sasa viko viwili" nimeshatoa jibu, kwa sababu Kiswahili hutangaza ngeli karibu kwenye kila neno la sentensi. Ikabidi nikae kimya, nikanyooshea kidole tu. "Na hapa?" Chiriku akasema, "Vimbulu." Halafu, bila kuvuta pumzi: "Vimbulu vinakula nini? Vinaogopa mbwa? Mama yao wako wapi?" Mama yao wako, nadhani, ni habari ya siku nyingine.

Sasa kabla hatujamcheka sana mtoto, twende maktaba. Neno kitabu tulilichukua kwa Waarabu, kwao ni kitab, na ki- ile haina uhusiano wowote na ki- ya kiti. Ni sehemu ya neno lenyewe. Wingi wao ni kutub. Wazee wetu waliposikia ki- mwanzoni, wakafanya kilekile anachokifanya Chiriku: wakaona kitabu, wakasema vitabu. Vilabu vya mpira vina asili hiyohiyo, kutoka kwenye neno la Kiingereza, club, ambalo halikuwa hata na ki-, sisi ndio tuliopachika irabu katikati ili litamkike, kisha tukaishika ki- iliyozaliwa hapo na kuigeuza vi-. Madereva wakaona kibao cha Kiingereza kwenye mzunguko wa barabara kinachowaamuru wapite kushoto, "keep left", wakauita mzunguko kiplefti; ikiwa miwili, viplefti. Kinga ya matope ya gari, mudguard kwa Kiingereza, ikaingia kama madigadi, na kwa kuwa ma- ni dalili ya wingi, moja ikaitwa digadi. Fundi yeyote wa gereji atakuelewa ukimwagiza digadi ya kushoto.

Kwa hiyo Chiriku anaposhika chupa ya vidonge vyake vya vitamini vya kutafuna na kudai "kitamini kimoja tu", amefanya alichofanya aliyesema viplefti wa kwanza. Tofauti ni kwamba yule alikuwa na madereva wenzake wengi, na huyu yuko peke yake katika nyumba yenye watu wazima watatu wanaomcheka. Mjini Nairobi, ambako watu wazima wengi huita "kuja hapa", hata njoo imeanza kunyooshwa. Chiriku angezaliwa huko huenda nanjoo isingetokea kabisa.

Yapo mambo jirani ambayo watu huyachanganya na hili. Anaposema "kalibu" na "mala moja", hicho ni kitembe: ulimi haujaimudu r, kanuni haihusiki. Anapomwita kila mzee mwenye kanzu "babu", au anaposema "jana" kwa jambo la asubuhi na la mwaka jana vilevile, amepanua maana ya neno, si umbo lake. Ujumlishaji mno ni wa umbo: viambishi, minyambuliko, upatanisho. Akiomba "washua taa" akimaanisha izime, kwa kuwa fungua hutengua funga na pangua hutengua panga, hapo ndipo penyewe.

Makosa haya pia ni machache kuliko tunavyoyakumbuka. Gary Marcus na wenzake walipochambua mazungumzo ya watoto 83 wanaosema Kiingereza, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1992, waliona kwamba kwenye vitenzi vya wakati uliopita vinavyokwenda kinyume na kanuni, mtoto wa kati na kati hukosea namna hii takriban asilimia 2.5 tu ya mara anazovitumia. Tunaona ni mengi kwa sababu hayo ndiyo tunayosimuliana jioni.

Je, umrekebishe? Bibi wa Tanga ni wa shule ya "sema nakuja", na umeona ilivyokwenda: alirudia alichoambiwa, kisha akarejea kwenye sarufi yake. Mimi nimeona afadhali nirudishe sentensi yake ikiwa imenyooka na mazungumzo yaendelee. Yeye: "Kipepeo kimekaa." Mimi: "Ehee, kipepeo amekaa. Amekaa juu ya nguo ya nani?" Hapo amelisikia umbo sahihi wakati jambo lenyewe bado linamvutia, wala hakuna aliyemkatisha. Ninachokikataa ni kumwigiza. Wapo wageni wanaoona raha kumwambia "nanjoo" na wao, na huko ni kumharibia ushahidi anaoukusanya.

Kosa la aina hii peke yake si sababu ya kumpeleka mtoto hospitali. Kinachostahili kuulizwa kliniki ni kingine: mtoto aliyetimiza miaka miwili na bado haungi maneno mawili pamoja, au aliyekuwa na maneno kisha yakaanza kumpotea.

Wiki hii nakuja imeanza kutoka yenyewe, hasa akiitwa kwa jambo analolipenda. Jana nilimwita akale embe, akasema "nakuja" akiwa ameshafika mlangoni. Nilipomwita kuoga ikawa sinjoo, na mama yake alipomshika mkono, sinendi.