Darubini yako iache nyumbani

Mzazi mwingine kaniuliza anunue darubini ya aina gani, kwa kuwa binti yake amepata nafasi ya kusoma shahada ya fizikia, mchepuo wa astrofizikia. Jibu langu ni lile lile: nunua kompyuta mpakato, na hela ikibaki, ongeza kumbukumbu yake.

Sina ugomvi na darubini. Ila wanafunzi wanakuja wakidhani watakesha wakitazama Zohali na pete zake, halafu wanakutana na milinganyo tofautishi, mekanika, sumakuumeme, na baadaye kwanta. Hayo siyaelezi hapa. Ni fizikia ile ile wanayosoma wenzao wote. Nyota zikija, zinakuja kama jedwali. Hata Uhuru, satelaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, haikuwa na mahali pa mtu kuchungulia. Ilihesabu fotoni, yaani chembe za mwanga. Cygnus X-1, chanzo cha eksirei kwenye kundinyota la Cygnus, ilianza kututia wasiwasi kwa sababu hesabu hizo zilikuwa zikipanda na kushuka upesi mno.

Sasa nifike kwenye linaloniudhi hasa. Zoezi la kawaida: pakua data za Gaia, satelaiti ya Ulaya iliyopima mahali pa nyota, toleo la tatu la mwaka 2022, utafute umbali wa nyota. Ziko nyota karibu bilioni 1.8, na ni bure. Kanuni kila mtu anaijua, moja gawanya kwa paralaksi, yaani pembe ndogo ambayo nyota huonekana kusogea Dunia ikizunguka Jua. Kisha mwanafunzi anakuta paralaksi hasi. Anafanya nini? Anazifuta! Tena kimya kimya, kwenye ripoti hasemi kitu.

Paralaksi hasi si uchafu. Chukua nyota ya mbali ambayo paralaksi yake halisi ni milisekunde 0.1 za pembe (sekunde ya pembe ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii, na milisekunde ni elfu moja ya hiyo). Kama shaka ya kipimo ni 0.3, kupata hasi 0.1 ni jambo la kawaida kabisa. Jirani yake, aliye mbali vile vile, anaweza kupimwa 0.4. Ukimfuta wa kwanza ukamwacha wa pili, umepinda wastani, na nyota zako zote zimesogea karibu kuliko zilipo.

Na huyo wa 0.4 usimshangilie. Geuza, unapata parseki 2,500 (parseki moja ni kama miaka-nuru 3.26). Kanuni ya kueneza makosa waliyoikariri maabara ya mwaka wa kwanza inatoa 1,875 juu na chini, namba safi, na wanaipigia mstari mara mbili. Lakini paralaksi ya kati ya 0.1 na 0.7 ni umbali wa kati ya parseki 10,000 na 1,430. Iko wapi hiyo "juu na chini"? Kanuni ile inafaa shaka ikiwa ndogo kulinganishwa na kipimo chenyewe. Hapa siyo ndogo, na kompyuta haitakukemea.

Tiba tunayofundisha ni njia ya takwimu ya Bayes: anza na dhana ya jinsi nyota zilivyotawanyika kwenye galaksi, kipimo kiirekebishe. Sawa. Ila kipimo kikiwa dhaifu, kinachotoka ni dhana ile ile uliyoiingiza, imevishwa namba. Hili tunalipitia harakaharaka darasani, nami sijaridhika nalo.

Kuna la pili. Kwasari, yaani viini ving'avu vya galaksi za mbali, ziko mbali mno, paralaksi yake ingepaswa kuwa sifuri. Kwenye data hizi wastani wake ni hasi, karibu maikrosekunde 17 za pembe. Marekebisho yapo, nayo yanategemea ung'avu na rangi ya nyota, na mahali ilipo angani. Lakini kwasari ni hafifu, kwa hiyo kwa nyota angavu ilibidi watu wapitie njia za kuzunguka, kama nyota pacha na Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu. Nayatumia marekebisho hayo. Ukiniuliza kama nayaamini kwa nyota angavu, nusunusu.

Kwa hiyo binti anayesubiri chuo kifunguliwe aanze na Python, lugha ya kuandikia programu, na takwimu. Achukue safu elfu chache za Gaia, achore paralaksi dhidi ya ung'avu, asifute hata moja. Ataona hasi zinavyoongezeka kadiri nyota zinavyofifia.